Kalenda ya Mama Ukutani

Kitu cha kwanza kumkwama Mama kilikuwa mkate wa mofa. Alikuwa akiula kwa chai kila asubuhi tangu nipate akili, na siku hiyo tonge liligota kifuani, akanywa maji, maji yakarudi. Akasema mkate umekauka. Baada ya mwezi ukakwama wali. Miezi minne ilipotimia alikuwa haoni kinachopita ila uji mwepesi na maji ya dafu, na kanga aliyojifunga kiunoni ilikuwa ikimzunguka mara mbili na kubaki.

Hapa Lamu mtu akishindwa kumeza husomewa kwanza. Sisemi hivyo kwa kudharau, maana mimi mwenyewe nilikaa pale kwenye msana, ule ukumbi wa nyumba, nikiitikia dua. Mwalimu alimwandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, Mama akanywa. Likapita. Ndicho kitu pekee kilichopita siku ile, na kwa hilo tulipata matumaini ya wiki tatu. Halafu tukavuka kwenda Mokowe, upande wa bara, na kutoka Mokowe tukashika njia ya Mombasa.

Kamera ya kooni ilionyesha saratani ya umio, yaani ule mrija unaoshusha chakula tumboni. Picha za tumbo zikaonyesha imekwisha fika kwenye ini. Ni saratani inayowapata watu wengi Kenya na katika ukanda huu wote wa Afrika Mashariki, na mara nyingi hujulikana ikiwa imechelewa, kwa sababu umio hutanuka. Uvimbe hukua ndani yake kimya kimya na chakula kikaendelea kupita mpaka nafasi iliyobaki ni kama tundu la kalamu.

Tulimwambia Mama ana kidonda. Ndugu yangu mkubwa aliyeko Muscat alisisitiza kwa simu kwamba jina lenyewe lisitajwe mbele yake, na Ammi, ndugu wa baba yetu, akaunga mkono. Mama alikubali kidonda chetu, akatuachia. Nilikuja kujua baadaye kwamba alilijua jina siku ile ile, kwa sababu kwenye benchi la kungojea alikaa na mwanamke wa Garsen ambaye hakufichwa na mtu.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nalisema mapema kwa sababu lina uzito katika haya yaliyofuata. Daktari alipoandika majina ya dawa mbili, sisplatini na fluorourasili, ile ya kwanza niliitambua kama mtu anayekutana na rafiki wa zamani ugenini. Huwasimulia wanafunzi wangu habari yake: mwaka 1965 huko Marekani, Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria, akaona wanarefuka bila kugawanyika. Aliposaka sababu aligundua si umeme. Ni platini iliyokuwa ikitoka kwenye elektrodi, vile vyuma vinavyopitisha umeme, na kuingia majini. Madini yanayotengenezwa pete ndiyo yaliyozuia seli kuzaana. Dawa iliyotokana na ajali hiyo imewaponya vijana wengi wenye saratani ya korodani, hata wale ambao imekwisha kuwasambaa mwilini. Nilikuwa nimeipenda dawa hiyo darasani kwa miaka kumi na minne. Nilidhani italipa fadhila.

Daktari alisema ukweli, sitamdhulumu. Alisema dawa hii kwa ugonjwa huu haiponyi. Ikifanya kazi itausinyaza uvimbe kidogo na kumwongezea muda: wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Sisi tulisikia neno moja, kumwongezea. Baadaye nilisoma kwamba tulichofanya ndicho wanachofanya walio wengi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, kwa wagonjwa 1,193 ambao saratani yao ya mapafu au ya utumbo mpana ilikuwa imekwisha kusambaa na wako kwenye kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani kama hizi zetu, asilimia 69 ya wale wa mapafu na 81 ya wale wa utumbo hawakuwa wameelewa kwamba dawa haielekei kuwaponya. Hao walikuwa wagonjwa wenyewe, walioketi mbele ya daktari. Mama yangu hakuwamo chumbani. Alikuwa nje, ameshikiwa mkoba.

Duru moja ya dawa ni siku ishirini na moja. Vitabu huandika hivyo, na mtu anayekaa Mombasa huziishi hivyo hivyo. Sisi wa kisiwani tuna hesabu nyingine. Siku ya kwanza ni ya safari: kushuka gatini kabla ya alfajiri kwenye kiti, maana vichochoro vyetu havipiti gari na juu ya punda alikuwa hawezi tena kukaa, boti mpaka Mokowe, basi la Hindi, Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, Mombasa. Njia imetiwa lami, tunashukuru, lakini ni njia yenye vizuizi, na kwenye kizuizi abiria hushuka na kitambulisho mkononi na kupita kwa miguu. Askari wengi walikuwa na huruma wakimwona. Mmoja hakuwa nayo. Siku ya pili ni ya kupimwa damu, kuangaliwa seli nyeupe na figo. Kisha siku nne za dripu, chupa juu ya chupa ya maji ya chumvi ili platini isimharibu figo. Siku ya kulala kwa khaloo yangu Kibokoni, apate nguvu. Siku ya kurudi. Hizo ni nane. Akifika nyumbani anatapika siku tano, sita, kinywa kimechubuka hata mate hayamezeki.

Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani, ile wanayogawa maduka kila mwaka mpya. Niliamua siku njema ni ile ambayo Mama ameketi kitini, amezungumza, na amekula kitu kikakaa. Siku kama hiyo niliizungushia duara kwa kalamu ya kijani. Duru ya kwanza ilikuwa na maduara tisa. Ya pili saba. Ya tatu manne.

Gharama nitazitaja kwa ufupi: bima ililipa sehemu, ndugu yangu wa Muscat alilipa sehemu, na nyumba haikulala njaa. Najua kuna familia ambazo mjadala huu wote humalizwa na fedha kabla haujaanza. Kwetu fedha zilikuwepo, na ndiyo maana tulilazimika kufikiri.

Mambo mawili dawa iliyachukua na haikuyarudisha. La kwanza ni vidole. Mama alikuwa akishona kofia za vitobo, kazi ya miezi kwa kofia moja, na fedha za kofia zake ndizo zilizonisomesha mimi mpaka chuo cha ualimu. Baada ya duru ya pili akasema sindano haisikiki. Anaiona kwa macho lakini vidole havimwambii kama ameishika. Sisplatini huunguza neva za mikono na miguu, na ubaya wake ni kwamba hali yaweza kuendelea kuharibika miezi kadhaa hata dawa ikisimama.

La pili ni masikio. Platini huua kwanza usikivu wa sauti nyembamba. Adhana aliisikia, kwa kuwa muadhini wa mtaani petu ana sauti nzito. Mimi alinisikia. Binti yangu wa miaka sita hakumsikia tena. Mtoto alikuwa akija anasimama kando ya kitanda, anamweleza bibi yake mambo ya madrasa, na Mama anatabasamu na kutikisa kichwa mahali pasipostahili. Siku moja mtoto akaniuliza kwa nini Bibi hamjibu. Nilitoka nikaenda kukaa darini peke yangu.

Picha iliyopigwa baada ya duru ya tatu ilionyesha uvimbe wa umio uko vile vile. Kwenye ini doa moja limekua. Daktari akasema, "Tunaweza kuendelea mpaka duru sita, tunaweza kubadilisha dawa, au tunaweza kusimama." Alivyolitamka la mwisho, kwa sauti iliyoshuka, sote tuliokuwa pale tulilisikia kama jina la mtu aliyekufa.

Tulikaa kikao usiku ule tuliorudi. Ammi alisema haiwezekani tuketi tukimtazama. Ndugu yangu, kwa simu iliyowekwa kwenye mto katikati yetu, alisema fedha si neno, ikibidi atampeleka India. Dada yangu alilia. Mimi nilisema dawa huchukua muda, tukamilishe sita, kisha tuone. Ndiyo, mimi niliyekuwa na ile kalenda. Nilijua idadi ya maduara kuliko mtu yeyote mle ndani na bado nikasema tuendelee, kwa sababu kuacha nilikuona ni kumzika kwa mkono wangu. Nimelifikiria sana neno hilo tunalolitumia, kupigana na saratani. Mtu akiambiwa anapigana, basi kusimama kunakuwa kukimbia vita, na hakuna mwana anayetaka mamake aitwe aliyekimbia. Lakini Mama hakuwa vitani. Alikuwa kitandani, na sisi tukishauriana juu yake nyuma ya pazia, kwa minong'ono ambayo masikio yake hayakuweza tena kuipata.

Aliyetutoa hapo ni ustadhi aliyekuja kumzuru Ijumaa. Nilipomweleza shauri letu mlangoni, kwenye daka, aliuliza swali moja: "Yeye mwenyewe yuasemaje?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi niwacheni nikamuulize."

Nilikaa karibu, niliyasikia yote. Mama hakungoja aulizwe. Alisema, "Nambia ustadhi, nikiiwata hii dawa, nimeiua nafsi yangu?" Alilisema kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, harakaharaka, kama swali lililokuwa limekaa mdomoni siku nyingi. Basi alijua yote. Alikuwa akitungoja sisi.

Ustadhi alimwambia kwamba wanavyuoni wengi wameona kujitibu ni jambo jema linalopendekezwa, wala si wajibu pale ambapo dawa haina yakini ya kuponya. Akamsimulia habari aliyoipokea Ibn Abbas, ya yule mwanamke aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia: hushikwa na kifafa na mwili wangu hufunuka, niombee kwa Mungu. Akajibiwa: ukitaka subiri, na pepo ni yako, na ukitaka nitamwomba Mungu akuponye. Mwanamke akasema atasubiri. Kisha akaongeza: lakini niombee nisifunuke.

Habari hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi, na kila mara ikisomwa kwa ajili ya lile la kwanza, subira. Mama alishika la pili. Alimfanya ustadhi alirudie. Kisha akageuza uso upande wangu akasema, "Mimi pia. Nisifunuke."

Ndipo nikaelewa kitu ambacho miezi mitatu ya kalenda haikunionyesha. Nilikuwa nikihesabu kutapika kwa siku. Yeye alikuwa akihesabu mahali. Kutapika ndani ya basi mbele ya wanaume wa watu, buibui limeloa. Kuteremshwa kwenye kizuizi, miguu haina nguvu, na mtaandio umeanguka kichwani pasipo na mkono wa kuurudisha. Kuvuliwa na kuvishwa katika wodi ya watu kumi na wawili. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakutoka mlangoni bila kujisitiri vizuri alikuwa akifunuliwa kila wiki tatu, na sisi wanawe ndio tuliokuwa tukimpeleka, kwa mapenzi.

Nilimuuliza anataka nini. Alijibu bila kufikiri: asirudi kulala Mombasa, ameze kitu, asiumwe sana usiku, na matwari, zile ngoma za Maulidi ya msikiti wa Riyadha, akiyasikia ayasikie yuko nyumbani. Hakutaja kupona. Hakutaja kufa pia.

Nilimpigia daktari simu. Alichouliza kwanza ni nani aliyeamua. Nikasema yeye. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza habari ya stenti: kijibomba cha waya laini kinachoingizwa kwa kamera kikiwa kimefungwa, kikifika penye uvimbe kinajitanua na kufungua njia. Hakiugusi ugonjwa, lakini siku inayofuata mgonjwa huweza kumeza. Kule Bomet, hospitali ya Tenwek imekuwa ikiwawekea wagonjwa wa umio kwa miaka mingi. Nilimuuliza kwa nini hatukuambiwa tangu mwezi wa kwanza. Hakujitetea. Alisema kifaa huwa hakipo, foleni huwa ndefu, na familia nyingi zikiambiwa kitu kisichoondoa uvimbe hudhani zimefukuzwa. Nilikasirika, na mpaka leo sijamaliza kukasirika, lakini nadhani kuhusu familia alisema kweli. Tungesikia hivyo hivyo.

Alirudi Mombasa mara moja tu, kwa hiari yake, kwa ajili hiyo. Siku nne kwenda na kurudi. Mkate wa mofa hakuula tena, mikate na nyama huziba stenti, na kulala ilibidi alale ameinuliwa kwa mito mitatu. Lakini alikula tambi za nazi. Alikula samaki kibua aliyepondwa na mchuzi wake. Siku ya kwanza alipomeza tambi alifumba macho, na dada yangu aliyekuwa ameshika bakuli akasahau kuendelea kumlisha.

Maumivu yalikuja kama tulivyoambiwa yatakuja, ya mgongoni na chini ya mbavu. Hapa kulikuwa na vita vingine, vya neno mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Mji wetu umeumizwa na unga. Kila mtaa una kijana wake aliyepotea kwa heroini, na Ammi amemzika mmoja wa kwake. Mimi mwalimu wa kemia siwezi kumdanganya: heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na mofini hutoka kwenye afyuni. Lakini kisu cha jikoni na kisu cha mwizi vyote ni chuma. Jirani zetu wa Uganda wamekuwa wakiwapa wagonjwa mofini ya maji majumbani tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma ya hospisi, ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kule mwaka 1993, dawa ya bei ndogo inayochanganywa kwa unga wa mofini na maji. Mama aliipata kwenye chupa ya plastiki, mililita chache kila saa nne, na ya usiku mara mbili ili asiamke. Hakulewa. Siku mbili za kwanza alisinzia, kisha akakaa sawa. Kilichomsumbua ni choo kufunga, na hilo lina dawa yake, mradi ianze siku moja na mofini, msingoje. Ammi alitazama kwa wiki nzima. Siku ya nane alikuwa yeye ndiye anayeshika saa na kuuliza kama dozi ya adhuhuri imetolewa.

Nilisoma kitu kingine katika usiku mmoja wa kukesha. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, huko Boston. Nusu walipewa matibabu ya kawaida peke yake. Nusu nyingine walipewa matibabu hayo pamoja na huduma ya tulizo tangu mwanzo: mtu wa kushughulikia maumivu, hofu, usingizi, na mazungumzo ya wanachotaka. Kundi la pili waliishi vizuri zaidi, na ingawa wachache zaidi kati yao walitibiwa kwa ukali siku za mwisho, waliishi pia muda mrefu zaidi, wastani wa kati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Hiyo ni saratani nyingine na nchi nyingine, siwezi kuichukua hesabu hiyo nikaivisha umio wa mamangu. Lakini ilinivunja fikira moja niliyokuwa nayo, kwamba kuna mizani miwili tu, urefu wa maisha upande huu na nafuu upande ule, na ukipunguza hapa ndipo uongeze pale.

Wala sitaki mtu asome haya aende akamwachishe mzazi wake dawa. Mke wa mwenzangu wa shuleni alimaliza kemo ya titi, kali kuliko ya Mama, nywele zote zikaenda, na leo anafundisha. Kwake ilikuwa dawa ya kuponya, na angeiacha ingekuwa msiba. Swali la kumuuliza daktari ni lile tulilolikwepa sisi: dawa hii, kwa ugonjwa huu, ulipofika huu, inatarajiwa kumpa nini, na itamtoza nini? Na mtu wa Lamu, wa Faza, wa Kiunga aongeze: na njia je? Mateso ya njia yamo ndani ya dozi.

Mama aliishi siku sabini na saba tangu Ijumaa ile. Kofia aliyokuwa ameianza hakuimaliza. Vidole havikurudi. Alimkabidhi jirani yake nyuzi na kumwelekeza kwa mdomo, vitobo vya safu ya juu viwe vidogo kuliko vya chini, na waligombana juu ya hilo kama wasichana. Binti yangu alijifunza kuweka midomo yake karibu kabisa na sikio la bibi na kusema kwa sauti nzito ya kiume, akajifanya baba mtu mzima, na hapo Mama alimsikia. Matwari ya Riyadha yalipopigwa, upepo ulikuwa unavuma kutoka upande ule. Alinyoosha kidole kuelekea dirishani ili nijue anasikia.

Kama angekamilisha duru sita angepata siku nyingi zaidi? Huenda. Huwa naamka na swali hilo, halina saa maalumu.

Ndugu yangu alifika kutoka Muscat siku ya pili baada ya mazishi. Alikaa chumbani kwake kimya, kisha akaniuliza nilichojua ataniuliza: mbona mlisimamisha? Sikuwa na hotuba. Niliishusha kalenda ukutani nikampa. Alianza mwanzoni, kwenye ile miezi ya Mombasa, akawa anapitisha kidole mraba kwa mraba. Tisa. Saba. Manne. Akafungua ukurasa wa baadaye, kijani kikawa kingi, akaendelea kuhesabu kwa midomo bila sauti mpaka hamsini na moja. Kisha akarudi nyuma, akaweka kidole kwenye duara moja katikati ya mwezi.

"Siku hii alikula nini?"

"Tambi," nikamwambia.

Akahamisha kidole kwenye duara lililofuata.